Nani aliificha njia ya tatu? Jibu kuhusu vyombo vya habari, soko huria na msukosuko wa 2008

"Shikamoo mwalimu. Naishi Marekani, huu ni mwaka wa 11. Nyumbani kila tukikaa mezani unazuka ubishi kuhusu msukosuko wa fedha wa 2008. Mjomba wangu husikiliza redio za mrengo wa kulia tangu alfajiri. Anasema serikali ndiyo iliyoleta balaa lile kwa kuzilazimisha benki ziwakopeshe watu wasio na uwezo, na kwamba vyombo vikubwa vya habari vilificha kusudi mapendekezo ya soko huria ili wananchi wakubali mabilioni yao yagawiwe matajiri. Mke wangu anatazama vituo vya upande wa pili. Yeye anasema soko huria ndilo lililotuangamiza na serikali ndiyo iliyotuokoa. Mimi wakati ule nilikuwa sijafika huku, nimebaki katikati. Nani anasema kweli? Je, soko lingeweza kuachwa lijitibu? Na la mwisho, ndilo linaloninyima usingizi: mjomba amesikia redioni kwamba anguko jingine limekaribia, anataka kutoa akiba yake yote ya uzeeni anunue dhahabu. Nimwambie nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Umenitumia maswali matatu yaliyofungwa fundo moja, na nadhani najua kwa nini. Hujakosa usingizi kwa sababu ya historia ya benki za New York. Watu wawili unaowapenda wanaishi nyumba moja lakini kila mmoja ana 2008 yake, na sasa mmoja wao anataka kuitegemea hadithi hiyo kufanya jambo ambalo huenda asiweze kulirudisha nyuma. Nitajibu yote matatu, na hilo la mjomba nitalifikia, usijali.

Nianze na kosa ambalo mjomba na mkeo wanafanya pamoja bila kujua. Wote wawili wanadhani 2008 ilikuwa ni vita ya kulia na kushoto: huku soko huria na Republican, kule serikali na Democratic, vyombo vya habari vikiwa vimejipanga nyuma ya upande mmoja. Kura zenyewe hazisemi hivyo. Mpango ule wa kuziokoa benki, yaani serikali itumie dola bilioni 700 kununua mali zao mbovu, uliletwa na serikali ya George W. Bush wa Republican. Aliyeuandaa ni Waziri wa Fedha Henry Paulson, ambaye kabla ya uwaziri aliongoza benki ya Goldman Sachs. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu tu, na ilitaka maamuzi ya waziri yasiweze kupingwa hata mahakamani. Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi liliukataa mswada kwa kura 228 dhidi ya 205. Waliokataa walikuwa wabunge 133 wa Republican na 95 wa Democratic. Siku hiyo kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka pointi 777. Tarehe 1 Oktoba Seneti ikaupitisha kwa kura 74 dhidi ya 25, na wagombea urais wote wawili, Barack Obama na John McCain, wakasema ndiyo. Waliosema hapana ni watu ambao huwezi kuwaweka kwenye kikapu kimoja hata ukijitahidi: Bernie Sanders wa kushoto kule Seneti, Ron Paul wa kulia na Dennis Kucinich wa kushoto barazani. Tarehe 3 Oktoba baraza likageuka, 263 dhidi ya 171, na Bush akatia saini siku ileile.

Kwa hiyo mpasuko haukuwa wa kushoto na kulia. Viongozi wa katikati wa vyama vyote viwili walisimama upande mmoja, na watu wa pembeni, wa kulia na wa kushoto, walisimama upande wa pili. Hilo limesahaulika kwa kasi ya kutisha. Mwezi Julai 2010, miaka miwili haijatimia, kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani ni nani aliyeanzisha mpango ule. Asilimia 47 walisema Obama. Waliomtaja Bush walikuwa asilimia 34 tu. Ugomvi wa kisiasa uliokuja baadaye ulikuwa umeshaipanga upya kumbukumbu ya watu, na ubishi wa mezani kwenu unatumia kumbukumbu hiyo iliyopangwa upya.

Sasa, je, vyombo vya habari viliyaficha mapendekezo ya soko huria? Kuyaficha, hapana. Yalichapishwa, yalisomwa, yalijadiliwa. Tarehe 24 Septemba wachumi zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wa mrengo wa soko, waliwaandikia viongozi wa Congress, yaani bunge la Marekani, barua wakitaja kasoro tatu za mpango wa Paulson: si wa haki, kwa kuwa waliovuna faida ya kuthubutu ndio wanaopaswa kubeba hasara yake, haueleweki, kwa kuwa hausemi mali mbovu zitanunuliwa kwa bei ipi, na athari zake zitaishi muda mrefu kuliko msukosuko wenyewe. Wabunge wa Republican waliokuwa wakiupinga nao walileta njia zao. Moja ilitaka serikali iziwekee bima dhamana (hati zinazouzwa na kununuliwa sokoni) zilizotokana na mikopo ya nyumba, bima ambayo wenye dhamana ndio wangeilipia. Nyingine ilitaka kodi ya faida ya mtaji, ile anayotozwa mtu akiuza mali kama hisa kwa faida, isimamishwe kwa miaka miwili ili fedha binafsi zivutwe kuingia sokoni. Hakuna aliyezuia habari hizi zisitoke.

Lakini mjomba ana hoja hapa, na ni vizuri umwambie hivyo. Upendeleo mzito zaidi katika habari mara nyingi hauhitaji uongo. Unahitaji tu kuamua swali liwe lipi. Wiki zile mbili swali liliwekwa hivi: mswada huu au maangamizi. Ukishaliweka swali hivyo, mwenye pendekezo la tatu anaonekana mtu anayetaka nyumba iungue. Pendekezo lake linatajwa katika aya ya 15 kama sababu ya mbunge fulani kukataa. Halipewi nafasi ya kupimwa kama njia inayoweza kuwa bora.

Nguvu ya maneno ilionekana waziwazi kwenye kura za maoni. Katikati ya Septemba ileile, Pew waliuliza kama ni sahihi serikali kuwekeza mabilioni ili taasisi za fedha na masoko yawe salama. Asilimia 57 walisema ni sahihi, 30 wakasema si sahihi. Karibu siku hizohizo gazeti la Los Angeles Times na shirika la habari la Bloomberg waliuliza kama serikali itumie fedha za walipakodi kuokoa kampuni binafsi zinazoyumba, au kama hilo si jukumu lake. Asilimia 55 walisema si jukumu lake. 31 tu waliunga mkono. Nchi ni ileile na majuma ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba swali la kwanza lilikuwa na "kuwekeza" na "salama", la pili likawa na "walipakodi" na "kampuni binafsi". Kwa Kiswahili chetu tunalijua vizuri jambo hili. Ukisema serikali imeziokoa benki, msikilizaji anaona mtu aliyezama akivutwa nje ya maji. Ukisema serikali imezibeba kwa mbeleko, anaona mtoto aliyedekezwa. Fedha ni zilezile.

Kwa nini swali liliwekwa vile? Hapa ndipo watu hukimbilia njama, nami nakusihi usikimbilie. Kulikuwa na haraka: mwandishi anayepewa saa tatu kueleza dhamana ambazo hata waliozitengeneza hawakuzielewa vizuri atampigia simu anayepokea haraka, na anayepokea haraka ni mchumi wa benki au msemaji wa wizara. Upendeleo huo hauna chama, ni upendeleo wa aliye karibu na simu. Halafu kuna sisi wenyewe, wasomaji. Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro walichunguza lugha ya magazeti ya kila siku ya Marekani, wakailinganisha na maneno yanayopendwa na wabunge wa kila chama. Utafiti wao wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwelekeo wa gazeti hufuata zaidi mwelekeo wa wasomaji wa eneo lake kuliko matakwa ya mmiliki. Yaani gazeti linauza kile ambacho mnunuzi amekuja kukitafuta. Jambo hilo lina mantiki ya soko kabisa, na nadhani mjomba, akiwa mtetezi wa soko, atalielewa haraka kuliko mkeo.

Kuna na upendeleo mwingine ambao mimi huuona mbaya kuliko wa kichama: habari hupenda kiasi ambacho akili inaweza kukishika. Machi 2009 ilipojulikana kwamba kampuni ya bima ya AIG, iliyokwisha kuokolewa, inalipa wafanyakazi wake bakshishi za dola milioni 165, nchi nzima iliwaka moto. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini fedha za uokoaji huohuo zilitumika kuzilipa benki kubwa zilizokuwa na mikataba ya mfano wa bima na AIG thamani kamili, senti 100 kwa kila dola, kwenye dhamana za karibu dola bilioni 62. Hiyo ni zaidi ya mara 300 ya bakshishi zile. Swali zito kabisa la soko huria lilikuwa hapo: kwa nini mtu aliyeingia mkataba na kampuni iliyofilisika alipwe kama vile haikufilisika? Lilijadiliwa, ndiyo, lakini kelele zake hazikufika hata robo ya kelele za bakshishi.

Na kabla hatujawalaumu waandishi peke yao, tujitazame. Mwaka 1985 watafiti wa Stanford waliwaonyesha wanafunzi taarifa za televisheni kuhusu mauaji ya mwaka 1982 katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina za Sabra na Shatila, Lebanoni. Walioiunga mkono Israeli na waliowaunga mkono Waarabu walitazama mkanda uleule. Kila kundi liliondoka likiamini mkanda ule umeegemea upande wa wapinzani wake. Wahenga walishasema, ukipenda, chongo huita kengeza. Na ukichukia, kengeza utaliita chongo. Mjomba na mkeo wakiketi mbele ya taarifa moja, wote wawili watainuka wamekasirika.

Twende kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Je, soko lingeachwa lijitibu?

Lazima kwanza uelewe benki inavyokufa. Benki hukopa kwa muda mfupi na kukopesha kwa muda mrefu. Fedha ulizoweka unaweza kuzidai leo. Fedha alizokopeshwa mnunuzi wa nyumba zitarudi baada ya miaka 30. Benki za uwekezaji kama Lehman Brothers hazikuwa na amana za watu kama wewe. Zilikopa kwa wawekezaji wakubwa, nyingine kwa usiku mmoja tu, na kila asubuhi zikakopa upya. Lehman ilikuwa na mali za karibu mara 30 ya mtaji wake. Piga hesabu: ukiwa na dola 30 za mali juu ya dola moja ya mtaji, mali ikishuka thamani kwa asilimia tatu na ushee tu, mtaji wako umekwisha. Na waliokukopesha wanalijua hilo. Hawasubiri ufilisike, wanakataa tu kukukopesha tena kesho asubuhi.

Hapo kuna tofauti ambayo mabishano mengi ya televisheni huiruka. Benki inaweza kukosa ukwasi, maana yake mali inayo, nzuri, ila haiwezi kugeuzwa fedha taslimu leo. Au inaweza kuwa mufilisi kweli, mali yote ikiuzwa haitoshi madeni. Ya kwanza inahitaji mkopo. Ya pili inahitaji mazishi. Ugumu wa Septemba 2008 ni kwamba hakuna aliyejua kwa hakika ipi ni ipi, kwa kuwa dhamana za mikopo ya nyumba hazikuwa na bei ambayo mtu angeiamini.

Lehman iliachwa ianguke tarehe 15 Septemba 2008, ikiwa na mali za dola bilioni 639, kufilisika kukubwa kuliko kote katika historia ya Marekani. Siku iliyofuata, mfuko mmoja wa fedha uitwao Reserve Primary Fund, ambao watu waliuona salama kama kisanduku cha benki, ukatangaza kwamba dola moja iliyowekwa humo sasa ni senti 97, kwa sababu ulikuwa umeikopesha Lehman. Watu wakaanza kuikimbia mifuko ya namna hiyo yote, na mifuko hiyo ndiyo iliyokuwa ikizikopesha kampuni za kawaida fedha za mishahara na za kununulia bidhaa. Siku chache baadaye serikali ikabidi iidhamini. Mkeo akisema hatari ilikuwa ya kweli, hatii chumvi.

Lakini mke wako naye akubali jambo moja: "soko huria" si jibu moja. Milton Friedman, ambaye hakuna atakayemwita mjamaa, alieleza pamoja na Anna Schwartz kwamba Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 ulizidi kuwa mbaya kwa sababu Benki Kuu ya Marekani iliziacha benki zife na fedha zilizo mikononi mwa watu zikapungua kwa takriban theluthi. Kabla yake, mwaka 1873, Mwingereza Walter Bagehot alishaeleza kwamba katika hofu benki kuu ikopeshe bila kusita, lakini kwa riba kubwa na kwa rehani nzuri. Wengi wa watetezi wa soko wanaikubali kanuni hiyo. Wanachokataa ni kuokoa mufilisi, na hasa kumwokoa aliyemkopesha mufilisi.

Na kati ya "acha waanguke" na "wape bilioni 700" kulikuwa na njia iliyosikika kidogo mno, ambayo mimi naiona ndiyo hoja bora ya soko mwaka ule. Badala ya mlipakodi kuweka mtaji mpya, walioikopesha benki wageuziwe sehemu ya madeni yao kuwa hisa. Wenye hisa wa zamani wanapoteza, waliokopesha wanakuwa wamiliki wapya, milango ya benki inabaki wazi na karani anaendelea kuhudumia foleni. Luigi Zingales wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa miongoni mwa waliolisukuma wazo hilo siku zilezile. Halikuwa wazo la mtu anayetaka nyumba iungue. Baadaye nchi nyingi zililiingiza kwenye sheria zao za benki, jambo ambalo waliolidharau wakati ule wangepaswa kulitafakari.

Tena lilikuwa na kielelezo hai. Tarehe 25 Septemba, katikati ya malumbano ya bungeni, wasimamizi waliichukua Washington Mutual, yenye mali za dola bilioni 307, wakaiuza kwa JPMorgan Chase kwa dola bilioni 1.9. Waliokuwa na amana hawakupoteza hata senti. Mfuko wa bima ya amana haukutoa kitu. Wenye hisa walifutwa, na wenye hatifungani, yaani walioikopesha benki kwa kununua hati zake za deni, wakapata hasara kubwa. Kesho yake matawi yalifunguliwa kama kawaida. Fedha binafsi nazo hazikuwa zimekauka kabisa: siku mbili kabla, Warren Buffett alikuwa ametangaza kuweka dola bilioni 5 Goldman Sachs, kwa masharti makali ya gawio la asilimia 10.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekuuzia hadithi safi mno. Wenye hatifungani wa Wachovia, benki nyingine kubwa, walipoona yaliyowapata wenzao wa Washington Mutual, walitimka. Siku iliyofuata tu Wachovia ilikuwa ikivuja fedha, na haikuchukua muda ikauzwa. Hapo ndipo penye ugumu. Kumbebesha mkopeshaji hasara ni haki, na kunamfundisha kuwa makini, lakini ukilifanya ghafla katikati ya hofu, kila mkopeshaji wa kila benki hujiuliza kama zamu yake imefika. Hukumu yangu, baada ya kuitazama kwa miaka mingi, ni kwamba kuacha kila kitu kianguke kungeumiza mamilioni ya watu wasiohusika, na mkopo wa dharura wa benki kuu ulikuwa lazima. Lakini kuwalinda waliozikopesha benki kubwa bila kuwadai chochote kulikuwa ni uamuzi, na uamuzi huo uliuzwa kwa wananchi kama vile hakukuwa na mwingine. Hapo ndipo vyombo vya habari, vya kushoto na vya kulia, vilishindwa kazi.

Mchuma janga hula na wa kwao, tunasema. Ubaya wa uokoaji ule ni kwamba wachumaji wa janga walikula kidogo kuliko wa kwao. Na anayejua hasara yake italiwa na wengine, mara ijayo huchuma kubwa zaidi. Ndiyo maana hainitoshelezi hoja, inayosikika sana upande wa mkeo, kwamba mpango ule "ulirudisha fedha zake". Ni kweli fedha zilizowekwa kwenye benki zilirudi na ziada. Mpango mzima, ambao mwishowe ulitoa takriban dola bilioni 443 na si 700, Ofisi ya Bajeti ya Congress iliukadiria kuwa na hasara ya takriban bilioni 31, nyingi ikitoka kwenye AIG, kampuni za magari na misaada ya wenye nyumba. Kwa hesabu ya daftari, si janga. Lakini mtu akikudhamini bure kwa mkopo mkubwa nawe ukalipa, bado amekupa kitu cha thamani, na ukweli kwamba hukumwangusha haukiondolei kitu hicho thamani yake.

Kuhusu chanzo nitakuwa mfupi, maana hapa kila upande una nusu. Mjomba anataja sheria ya mwaka 1977 iliyozitaka benki zikopeshe katika mitaa zinakochukua amana. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Congress ilikuta kwamba ni asilimia 6 tu ya mikopo ya riba kubwa iliyokuwa na uhusiano wowote na sheria hiyo. Wakopeshaji kama New Century, iliyofilisika Aprili 2007, hata hawakuwa benki zilizobanwa nayo. Mkeo huenda anataja sheria ya mwaka 1999 iliyoondoa ukuta kati ya benki za amana na za uwekezaji. Nayo haielezi mengi: Lehman na Bear Stearns zilikuwa za uwekezaji mtupu, AIG ilikuwa ya bima, Washington Mutual ilikuwa ya akiba na mikopo ya nyumba. Zingeanguka hata ukuta ungekuwepo. Lakini mjomba yuko sahihi kwamba serikali ilikuwa na mkono wake: riba ya benki kuu ilikaa asilimia 1 kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2004, na Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua na kudhamini mikopo ya nyumba, zilikua kubwa kupita kiasi zikiegemea imani kwamba serikali haitaziacha. Na mkeo yuko sahihi kwamba wakopeshaji binafsi waliuza mikopo waliyojua ni mibovu, na kwamba mikataba ya AIG ilikaa gizani bila msimamizi.

Tume yenyewe ilipotoa ripoti Januari 2011 ilikuwa na wajumbe 10, na walitoka na hadithi tatu. Sita walioteuliwa na Democratic walilaumu hasa usimamizi legevu na uzembe wa makampuni. Watatu wa Republican waliandika kwamba mambo mengi yaliungana, na wakakumbusha kuwa bei za nyumba zilivimba na Ulaya pia. Mmoja, Peter Wallison, alisimama peke yake akilaumu sera ya serikali ya nyumba. Walisikiliza mashahidi walewale na kusoma nyaraka zilezile. Mkiweza, kaeni wote watatu na mzisome hizo tatu, kila mmoja akianza na ile asiyoipenda. Zitawafaa kuliko mwaka mzima wa redio na televisheni.

Ukisikia habari ya msukosuko mwingine, jiulize swali ambalo mwandishi mara nyingi halisemi: katika mpango huu, ni nani hasa asiyepoteza, mwenye amana, mwenye hisa, au aliyeikopesha benki? Machi 2023, Silicon Valley Bank ilipoanguka, wengine walisema serikali imeibeba benki, wengine wakasema haikubeba. Aliyeuliza swali hilo alipata jibu ndani ya dakika moja: wenye amana walilindwa wote, hata waliozidi kiwango cha bima; wenye hisa na wenye hatifungani hawakulindwa. Ukishalijua hilo, unaweza kubishana kwa haki kama ilikuwa sawa au la. Na anayepinga mpango, mwulize yeye angefanya nini Jumatatu asubuhi, mistari ikiwa imeshapangwa nje ya benki. Mwenye jibu ni wa kusikilizwa, hata kama hulipendi jibu lake.

Sasa mjomba na dhahabu yake. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa heshima zake. Kujua nani alikosea 2008 hakumwambii mtu yeyote aweke wapi akiba yake. Hata kama kila analosikia redioni kuhusu serikali ni kweli, bado haifuati kwamba atoe vyote. Kama akiba yake iko kwenye akaunti ya uzeeni ya kazini iitwayo 401(k) na hajafikisha miaka 59 na nusu, kwa kawaida akiitoa atatozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato, kwa hiyo atakuwa amejitengenezea anguko lake mwenyewe kabla hilo la redioni halijafika. Kama hofu yake ni benki, amana zina bima ya serikali hadi dola 250,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Kama hofu yake ni soko la hisa, nayo si hofu ya kipuuzi: kipimo cha hisa cha S&P 500 kilipoteza zaidi ya nusu ya thamani kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009. Lakini kilirejea kilele chake cha zamani mwaka 2013, na waliouza kule chini ndio waliogeuza hasara ya kwenye karatasi kuwa hasara ya mfukoni. Dhahabu nayo si mwamba. Mwaka 2011 ilifika karibu dola 1,900 kwa aunsi, na mwishoni mwa 2015 ilikuwa karibu 1,050. Kuwa na kidogo si dhambi. Kuwa na hiyo tu ndiyo hatari. Na msikilizeni pamoja mtangazaji huyo siku moja, mkitazama ni biashara gani zinazotangazwa kati ya kipindi na kipindi. Kama ni wauza dhahabu, basi mjomba ajue anayemtisha na anayemuuzia wanakula sahani moja.

Zaidi ya hapo mimi siwezi kumshauri kwa barua, wala asikubali mtu yeyote amshauri hivyo. Umri wake, madeni yake, afya yake, kama ana mke anayemtegemea, vyote hivyo vinabadilisha jibu. Mpeleke kwa mshauri wa fedha mwenye leseni, ana kwa ana, na mwulizeni mambo mawili kabla hajasema lolote: je, sheria inamtaka atangulize maslahi ya mteja wakati wote, na je, analipwa ada na ninyi au kamisheni na anayeuza bidhaa. Jina lake mnaweza kulitafuta bure kwenye rejista ya tume ya soko la mitaji ya Marekani, SEC. Mwoneni na mtu wa kodi kabla ya kutia saini popote. Kama tayari kuna muuzaji anayempigia simu kila siku akimwambia bei hii inaisha Ijumaa, basi msisubiri mshauri: mwambieni muuzaji hapana leo, na mkiona amekwisha kutoa fedha kwa shinikizo, toeni taarifa kwa ofisi ya jimbo lenu inayosimamia dhamana na uwekezaji.

Usimwendee mezani mbele ya watu. Mfuate peke yake, mwambie kwamba kuhusu zile bilioni 62 za AIG alikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba barua ya wale wachumi ilikuwepo kweli. Mzee akishaona umemsikiliza, mwombe akusindikize kwa mshauri kwa sababu wewe pia una akiba na hujui uiweke wapi. Nadhani hilo la pili nalo ni kweli.